Nanoselulosi Katika Chakula: Biashara Inayotangulia Majibu ya Usalama Wake

Selulosi, yaani dutu inayojenga kuta za seli za mimea yote, si ngeni katika viwanda vya chakula vya Afrika Mashariki. Watengenezaji wa aiskrimu, mtindi wa kunywa, mayonezi na juisi za unga wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wameinunua kwa miaka mingi katika mifuko yenye namba 460 au 466, na viwanda vya dawa huitumia kujazia vidonge, kwa sababu unga huo mweupe usio na harufu wala ladha huzuia mafuta yasijitenge na maji, hukipa kinywaji chepesi uzito mdomoni, na haumwongezei mlaji nguvu yoyote mwilini kwa kuwa binadamu hana kimeng'enya cha kuuvunja. Kinachobadilika sasa ni ukubwa wa chembe. Wauzaji wa malighafi duniani wameanza kutoa selulosi iliyosagwa au kuchambuliwa hadi kufikia kipimo cha nano, na wanainadi kwa hoja mbili kwa pamoja: kwamba ni selulosi ile ile iliyomo katika mchicha na kabichi, kwa hiyo hakuna sababu ya kuiogopa, na kwamba inafanya kazi ambayo selulosi ya kawaida haiwezi, kwa hiyo inastahili bei ya juu. Hoja ya kwanza inahusu usalama na ya pili inahusu bei, lakini kadiri ya pili inavyokuwa kweli ndivyo ya kwanza inavyohitaji kuthibitishwa upya, bidhaa kwa bidhaa, na uthibitisho huo kwa sasa umepatikana kwa sehemu tu.

Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita, na unywele wa binadamu una upana wa nanomita 80,000 hivi. Ndani ya mmea, molekuli za selulosi hujipanga katika nyuzi za msingi zenye upana wa nanomita 3 hadi 5, kisha nyuzi hizo hushikamana mafungu kwa mafungu hadi kuwa singa inayoonekana kwa macho. Nanoselulosi hupatikana kwa kuyafungua mafungu hayo. Njia moja ni ya mashine: rojo la nyuzi na maji husukumwa kwa shinikizo kubwa kupitia upenyo mwembamba mpaka nyuzi zichanike, na kinachotoka huitwa nanofibrili, nyuzi zinazopindika zenye upana wa nanomita 5 hadi 50 hivi lakini zenye urefu unaoweza kufikia maikromita kadhaa, maikromita moja ikiwa ni nanomita 1,000. Njia nyingine ni ya kemikali: asidi ya salfuriki yenye ukali wa asilimia 64 hivi hula sehemu legevu za nyuzi na kuacha vipande vigumu, vilivyonyooka, viitwavyo nanofuwele, ambavyo urefu wake kwa kawaida ni nanomita 100 hadi 500. Vipeperushi vya mauzo mara nyingi huzitaja aina zote mbili kwa jina moja, jambo ambalo linapotosha, kwa maana nanofuwele hubaki na vikundi vya salfeti juu ya uso wake ilhali nanofibrili iliyotengenezwa kwa mashine peke yake haina, na jaribio lililofanywa kwa aina moja halimpi mnunuzi uhakika wowote juu ya aina nyingine.

Teknolojia yenyewe ina umri mkubwa kuliko matangazo yake yanavyodokeza. Nanofibrili za kwanza zilitengenezwa New Jersey, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa kupitisha rojo la miti katika mashine ya kulainishia maziwa, na chakula kilikuwa miongoni mwa matumizi yaliyokusudiwa tangu mwanzo. Kilichoikwamisha ni gharama ya umeme, ambayo katika mbinu za awali ilivuka uniti 20,000 kwa tani moja. Mbinu za baadaye za kulainisha nyuzi kwa vimeng'enya au kemikali kabla ya kuzipitisha mashineni zimepunguza gharama hiyo mara nyingi, na viwanda vya karatasi vya nchi za kaskazini, ambavyo soko lake la karatasi za magazeti limekuwa likipungua, vikaona hapo njia ya kuuza mti ule ule kwa bei nyingine. Ni vyema msomaji akumbuke asili hiyo anapopima madai ya usalama, kwa sababu msukumo mkubwa wa bidhaa hii umetoka upande wa wenye malighafi ya kuuza.

Malalamiko yanayosikika zaidi katika biashara hii hayatoki kwa walaji, ambao wengi wao hawajapata kulisikia jina la bidhaa, bali kwa waagizaji. Mfanyabiashara mmoja wa malighafi za viwanda vya chakula jijini Dar es Salaam, ambaye hakutaka jina lake litajwe kwa kuhofia kuwaudhi wauzaji wake wa nje, anaeleza kwamba cheti cha uchambuzi kinachoambatana na kila mzigo wa selulosi humwonyesha kiwango cha unyevu, majivu, madini mazito, vimelea na kiasi cha unga kinachopita katika chekeche, lakini hakina hata mstari mmoja unaosema ni sehemu gani ya chembe iliyo chini ya maikromita moja. Anapouliza, hujibiwa kwamba hiyo ni siri ya kiwanda. Wakati huo huo, wateja wake wachache wanaosindika bidhaa za kuuza Ulaya humtaka atie saini tamko kwamba mzigo hauna chembe za nano, tamko ambalo, kwa maneno yake, hana msingi wowote wa kulitoa wala ubavu wa kulikataa, kwa kuwa akikataa mteja huhamia kwa muuzaji mwingine ambaye hatasita kusaini.

Anaongeza kwamba kupima mwenyewe si rahisi. Kipimo kinachokubalika huhitaji darubini ya elektroni, ambayo humwonyesha mtaalamu umbo na upana wa nyuzi moja moja, na sampuli hulazimika kupelekwa nje kwa gharama ambayo kwa mzigo mdogo humeza faida yote. Ada za ukaguzi bandarini analipa kama kawaida, lakini ukaguzi wenyewe, kwa maelezo yake, huishia kwenye namba iliyo juu ya mfuko na tarehe ya kuisha muda, hivyo anajiona analipia ulinzi asiopewa. Wala kero yake si ya gharama tu. Anadai kwamba mwagizaji anayeuliza maswali huchelewesha mzigo wake na kuonekana msumbufu, ilhali asiyeuliza huuza mapema na kwa bei nafuu, kwa hiyo soko kama lilivyo sasa humwadhibu mwenye tahadhari. Malalamiko haya hayana budi kupimwa kwa kuzingatia kwamba mwenyewe hajaacha kuiuza bidhaa anayoitilia shaka, na kwamba kanuni kali zaidi zingewaumiza washindani wake wadogo kuliko yeye. Hata hivyo, jambo la msingi analolisema linaungwa mkono na kanuni zilizopo.

Kanuni za Umoja wa Ulaya kuhusu selulosi ya fuwele-mikro, yaani ile ya namba 460 inayotengenezwa kwa kuyeyusha sehemu legevu za nyuzi kwa asidi, zinataka chembe zenye ukubwa wa chini ya maikromita 5 zisizidi asilimia 10. Sharti hilo linaonekana kali mpaka mtu aangalie namna bidhaa inavyotumika. Kuna daraja la selulosi hiyo linaloitwa la kikoloidi, ambalo huchanganywa na selulosi ya namba 466 na kuuzwa kwa ajili ya maziwa ya chokoleti na aiskrimu. Katika hali ya unga mkavu chembe zake huwa zimeshikamana na huonekana kubwa, lakini zikikorogwa majini kwa kasi, kama kiwanda kinavyofanya kila siku, sehemu kubwa yake huachana na kushuka hadi chini ya maikromita 0.2, ambazo ni nanomita 200. Kipimo cha unga mkavu kwa hiyo hakimwambii mtu kilichomo ndani ya chupa, achilia mbali kilichomo tumboni, na mstari unaodhaniwa kuitenga selulosi ya zamani na nanoselulosi ni mwembamba kuliko pande zote mbili za mjadala zinavyopenda kukiri. Jambo hilo linaweza kusomwa kwa matumaini, kwamba watu wamekula chembe ndogo kwa miongo kadhaa bila madhara yaliyo wazi, au kwa wasiwasi, kwamba hakuna aliyekuwa akiangalia.

Masoko makubwa yameshughulikia suala hili kwa njia tofauti. Ulaya huhesabu kuwa nano kile kilichotengenezwa kwa makusudi kikiwa na upande mmoja au zaidi ulio wa nanomita 100 hivi au pungufu, na tangu Desemba 2014 inataka kiambato cha namna hiyo kiandikwe kwenye lebo kikifuatwa na neno "nano" ndani ya mabano; aidha, sheria yake ya vyakula vipya ya mwaka 2015 inataka kibali kabla bidhaa haijaingia sokoni. Marekani ina mfumo unaomruhusu mtengenezaji kukusanya wataalamu wake mwenyewe, wakaamua kwamba kiambato kinatambulika kuwa salama, bila kulazimika kumwarifu msimamizi wa serikali. Nchi za Afrika Mashariki hutegemea kwa kiasi kikubwa orodha ya kimataifa ya viongezo vya chakula, na katika orodha hiyo namba 460 huitambulisha dutu kwa kemia yake, haionyeshi kipimo cha chembe zake. Matokeo yake ni kwamba mfuko wa aina ya zamani na mfuko wa aina mpya vinaweza kupita lango moja vikiwa na maandishi yale yale.

Waagizaji wana sababu nzuri ya kuikumbuka titani dioksidi, rangi nyeupe ya namba 171 iliyotumika kung'arisha peremende na bazoka. Ilikubalika Ulaya kwa miongo mingi. Ufaransa ikaisimamisha katika chakula kuanzia mwaka 2020, wataalamu wa Ulaya wakasema mwaka 2021 kwamba haiwezi tena kuhesabiwa kuwa salama kwa kuwa uwezekano wa kuharibu vinasaba haukuweza kuondolewa, na mwaka 2022 kibali chake kikafutwa katika umoja mzima. Sehemu ya chembe zake iliyo ya nano ilikuwa katikati ya mjadala huo. Selulosi ni dutu ya namna nyingine kabisa na hakuna ushahidi unaoiweka kundi moja na titani, lakini mfano huo unaonyesha kwamba kibali cha zamani si dhamana, na kwamba anayeumia hukumu inapobadilika ni yule mwenye mzigo ghalani.

Kuhusu kuila nanoselulosi, matokeo yaliyopo kwa jumla yanatia moyo. Tathmini ya Ulaya ya mwaka 2018 juu ya selulosi za kawaida na zile zilizobadilishwa kikemikali haikuona haja ya kuweka kikomo cha namba cha ulaji wa kila siku, ikizingatia ulaji wa jumla unaokadiriwa kufikia miligramu 660 hadi 900 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Kwa upande wa nano yenyewe, utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019 uliwalisha panya wa maabara rojo lenye asilimia moja ya nanofibrili mara mbili kwa wiki kwa wiki tano, na haukuona tofauti ya maana katika damu wala katika tishu za viungo vyao. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2020, uliweka selulosi iliyochanwa kuwa nyuzi ndogo katika chakula cha panya kwa kiwango cha asilimia 2, 3 na 4 kwa siku 90, ukawalinganisha na panya waliokula selulosi ya kawaida, na haukupata dhara lililotokana nayo. Siku 90 ndicho kipindi kinachotumiwa kwa kawaida kutathmini viongezo vya chakula, na kwa panya si muda mfupi.

Pamoja na hayo, ni makosa kulichukua jibu hilo kama hati ya kila kitu kinachobeba jina hilo. Panya hao walikuwa wazima, walilishwa vizuri, na walipewa bidhaa iliyotengenezwa kwa uangalifu na kusafishwa. Bidhaa ya kiwanda kingine inaweza kuwa na mabaki ya asidi, ya kemikali za kulainisha nyuzi, au ya sumu zitokanazo na bakteria waliokua ndani ya rojo lenye maji mengi kabla halijakaushwa, na uchafu huo una madhara yake yasiyohusiana na selulosi. Si hivyo tu, bali sehemu ya tafiti hizi imefanywa kwa kushirikiana na watu wenye nia ya kuona mazao ya misitu yakipata soko jipya. Hilo halibatilishi matokeo, lakini ni sababu tosha ya kutaka yarudiwe na watu wasio na mti wa kuuza.

Swali zito zaidi kwa Afrika Mashariki, na ambalo halizungumzwi inavyostahili, halihusu sumu hata kidogo. Linahusu mafuta. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba nanofibrili hupunguza umeng'enyaji wa mafuta: katika mfano wa tumbo uliotengenezwa maabara upungufu ulikuwa karibu nusu, na katika panya waliopewa krimu nzito, mafuta yaliyoingia katika damu yalipungua kwa asilimia 36 ikilinganishwa na panya waliopewa krimu hiyo bila nyuzi. Nyuzi hizo huyakusanya matone ya mafuta na kuyaficha, na pia huzishika chumvi za nyongo ambazo mwili unazihitaji ili kuyavunja. Kwa mnunuzi wa nchi iliyojaa unene wa kupindukia habari hiyo ni tangazo la biashara, na hivyo ndivyo ilivyopokewa.

Lakini vitamini A, D, E na K husafiri ndani ya mafuta. Tanzania, Kenya na Uganda zimeufanya urutubishaji wa mafuta ya kula kwa vitamini A kuwa takwa la sheria, kwa sababu upungufu wake umekuwa ukiwapofusha watoto na kudhoofisha kinga yao dhidi ya surua na kuhara, na sera hiyo inatarajia kwamba kijiko cha mafuta kilichomo katika mboga kitafyonzwa. Mtoto ambaye mlo wake una mafuta kidogo tangu mwanzo hana akiba ya kupunguziwa. Haijathibitishwa kwamba kiasi cha nanoselulosi kitakachowekwa katika mtindi au biskuti kingetosha kuleta upungufu kwa watoto, na haielekei kwamba kijiko kimoja cha aiskrimu kingefanya hivyo. Hata hivyo, bidhaa inayouzwa kwa sifa ya kuzuia mafuta haiwezi kudaiwa papo hapo kuwa haina athari yoyote kwa lishe, na yeyote anayetaka kuiingiza katika vyakula vya watoto wa kanda hii ana wajibu wa kuonyesha kwanza, kwa vipimo vya watoto wanaofanana na wa hapa, kwamba vitamini zinafika zinakotakiwa. Tahadhari hiyo ingegharimu fedha kidogo ukilinganisha na zilizokwisha kutumika kurutubisha mafuta.

Suala la bakteria wa utumbo linaweza kupitiwa kwa ufupi. Selulosi ya namba 466, ambayo si nano bali ni ile iliyobadilishwa ili iyeyuke majini, ilijaribiwa kwa kundi dogo la watu wazima wenye afya waliokula gramu 15 kila siku kwa siku 11, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba mchanganyiko wa bakteria wao ulibadilika, na kwamba kwa wachache wao bakteria walisogea ndani ya ute unaoulinda ukuta wa utumbo. Gramu 15 ni kiasi kikubwa kuliko anachokula mtu wa kawaida. Umuhimu wa jaribio hilo ni kwamba liliwahusu watu, jambo ambalo kwa nanoselulosi bado ni adimu mno.

Upande wa uzalishaji, matumaini yanayotolewa hadharani ni makubwa kuliko hesabu. Ofisa mmoja wa serikali nchini Tanzania anayeshughulikia zao la mkonge, aliyezungumza kwa sharti la kutotajwa, anarudia takwimu iliyozoeleka katika hotuba na maandiko ya miradi, kwamba ni asilimia 2 tu ya mkonge inayotumika kama singa na kwamba asilimia 98 iliyobaki hutupwa, kisha anaitaja nanoselulosi miongoni mwa bidhaa zitakazoigeuza taka hiyo kuwa fedha. Kwa maelezo yake, nchi yenye historia ya kuzalisha tani zaidi ya 200,000 kwa mwaka katika miaka ya 1960 na iliyojiwekea lengo la kurudi hadi tani 120,000 haiwezi kuendelea kuuza kamba na magunia peke yake.

Takwimu hiyo si ya uongo, lakini inaficha zaidi ya inavyoonyesha. Jani la mkonge linapoingia katika korona, ile mashine inayolikwangua na kuacha singa, karibu asilimia 87 ya uzito wake ni maji. Singa ni asilimia 4 hivi, na sehemu ngumu nyingine zote ni asilimia 8 au 9. Kinachotiririka katika mfereji wa korona kwa sehemu kubwa ni maji ya kijani yenye sukari, asidi na nyama ya jani, vitu vinavyofaa kwa biogesi na mbolea, kama ilivyokwisha kuonyeshwa huko Hale mkoani Tanga, lakini si hazina ya selulosi. Selulosi imo ndani ya singa yenyewe, ambayo theluthi mbili au zaidi ya uzito wake mkavu ni selulosi, na singa hiyo tayari ina mnunuzi. Kinachoweza kuitwa malighafi rahisi ni vile vipande vifupi vinavyobaki kwenye mfereji na vumbi la brashi, na hata hivyo vipande hivyo navyo vina soko lake, ingawa la bei ya chini kuliko daraja la singa liitwalo UG. Mzungumzaji yeyote anayeanzia kwenye asilimia 98 anapaswa kwanza kuondoa maji.

Maji ndiyo pia kikwazo cha usafirishaji. Nanofibrili hutoka mashineni kama jeli ambayo kwa kawaida zaidi ya tisa ya kumi ya uzito wake ni maji, na kuipeleka jeli hiyo kutoka Tanga hadi ng'ambo ni kulipia nauli ya maji. Ikikaushwa kwa njia rahisi, nyuzi hushikana tena na hazirudi katika hali ya awali hata zikiloweshwa, hivyo mnunuzi hupokea kitu kisichokuwa nano tena. Njia za kukausha bila kuiharibu zipo, lakini huhitaji mitambo na nishati ambayo kwa sasa huvipa nafasi nzuri viwanda vikubwa vya miti vilivyo karibu na wateja wake. Kwa njia ya asidi tatizo ni jingine: kila kilo ya nanofuwele huacha nyuma asidi nyingi ya kurejeshwa au kuzimuliwa, na bonde la mto Pangani, ambalo limebeba maji machafu ya korona kwa zaidi ya karne moja, halihitaji mzigo wa pili. Makapi ya miwa ya Kilombero au migomba iliyokwisha kuzaa ya Kagera na Uganda huweza kutoa selulosi kwa bei nafuu zaidi, ingawa makapi ya miwa nayo huchomwa na viwanda vya sukari kuzalisha mvuke na umeme wake.

Kuna kundi moja la watu ambalo hatari kwake ina ushahidi ulio imara kuliko kwa walaji, nalo ni wafanyakazi. Vumbi la nanofuwele lilipoingizwa katika mapafu ya panya wa maabara lilileta uvimbe na dalili za majeraha, na katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2016 panya majike waliathirika zaidi kuliko madume. Tumbo lina ute, asidi na njia ya kutokea; mapafu hayana namna ya kumeng'enya selulosi, na uzi mgumu usiooza unaweza kukaa humo kwa muda mrefu. Mtu anayefungua mfuko wa unga mkavu na kuumwaga katika pipa la kuchanganyia, kazi ambayo viwandani mara nyingi hufanywa na kibarua wa siku aliyejifunga kitambaa puani, ndiye anayesimama karibu zaidi na hatari hiyo.

Wenyeji wa mashamba ya mkonge hawahitaji kufundishwa jambo hili kutoka mbali. Idara ya brashi, ambako singa kavu hupigwa ili kuondoa uchafu na nyuzi fupi kabla ya kufungwa robota, imekuwa ikijulikana kwa vumbi lake tangu zamani, na tafiti zilizofanywa Tanzania zimeonyesha kikohozi na kubanwa kifua kwa wafanyakazi wake. Vumbi hilo lilikuwa la kawaida, linaloonekana likielea kwenye mwanga wa dirisha na kutua kwenye nywele na nyusi za mtu. Kama kiwanda cha nanoselulosi kitajengwa siku moja katika mikoa hiyo na kikauza unga mkavu, vumbi lake litakuwa dogo kiasi cha kutoonekana, na kitambaa cha puani hakitalizuia. Viwango vya vumbi kazini vinavyotumika katika nchi nyingi hupima uzito wa vumbi katika hewa, kwa miligramu kwa kila mita ya ujazo, kipimo ambacho hakikuundwa kwa ajili ya chembe ambazo uzito wake ni kidogo na idadi yake ni kubwa mno. Ni jambo la kusikitisha kwamba andiko la mradi linaweza kujaza kurasa nyingi kwa ajili ya thamani ya mauzo na kumaliza suala la mapafu ya mfanyakazi kwa sentensi moja.

Mwelekeo wa soko kwa miaka michache ijayo hautabiriki kwa urahisi. Haielekei kwamba nanoselulosi itaingia katika chakula cha Afrika Mashariki kwa kishindo, kwa kuwa bei yake bado iko juu na wazalishaji wa mtindi na aiskrimu wa kanda hii hushindana kwa shilingi. Inaelekea zaidi kwamba itaingia polepole, ikiwa ndani ya mchanganyiko wa kiviwanda ulioandaliwa nje, au ikiwa utando wa ndani wa vifungashio, ambako sifa yake ya kuzuia oksijeni inatafutwa na ambako kiasi kinachoweza kumfikia mlaji ni kidogo. Huenda kanuni za kanda zikabadilishwa ili namba ya kiongezo iambatane na kipimo cha chembe zake kama zinavyokuwa baada ya kukorogwa majini, lakini hakuna dalili kwamba jambo hilo linapewa uharaka. Waagizaji wakubwa wanaweza kuanza kuliweka sharti hilo katika mikataba yao bila kuisubiri serikali, na wauzaji wa nje wanaotaka soko watalitimiza. Wadogo wataendelea kununua kwa imani.

Kwa mkulima wa mkonge hali ni ngumu kidogo kuliko kwa mwenye duka la malighafi, ambaye anaweza kubadilisha mzigo baada ya miezi mitatu. Mkonge unaopandwa sasa utakatwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu hivi na kuendelea kukatwa kwa miaka mingi baada ya hapo, na katika muda huo hukumu ya Ulaya au ya soko lolote juu ya nanoselulosi inaweza kwenda upande wowote. Mwenye ekari chache anayeambiwa kwamba taka zake zina thamani mpya atakuwa salama zaidi akiipiga hesabu yake kwa bei ya singa ya daraja la 3L na UG kama inavyonunuliwa leo, na kuyahesabu mengine baada ya mnunuzi kuonekana na mkataba.